Ubeti wa Tatu

Watu walimwita Baridi kwa sababu alikuwa fundi majokofu, na pia kwa sababu alikuwa mtu asiyepandisha sauti hata akigongwa nyundo kidoleni. Ndiyo maana wiki ile nyumbani kwake walishangaa. Baridi alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga: akiketi anainuka, akiinuka hajui anakwenda wapi.

Yote yalianzia buchani. Alikwenda kutengeneza jokofu la nyama, na redio ya muuza nyama ikawa inapiga wimbo wa zamani, wa yule dada aliyevuma kwa wimbo mmoja tu kisha akapotea kama moshi.

*Umeondoka hukufunga mlango,
upepo walala kitandani mwangu.*

Baridi hakuwa ameusikia tangu ujana wake. Akaitikia ubeti wa kwanza huku anafungua skrubu, na wa pili ulipokuwa unaishia akazima swichi kuu ili asipigwe shoti. Redio nayo ikanyamaza. Alipowasha tena, walikuwa wanasoma habari.

"Ubeti wa tatu unasemaje?" akamuuliza muuza nyama.

"Fundi, nyama inaoza, wewe unauliza beti?"

Tangu hapo hakupumua. Ubeti wa tatu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sauti yake aliikumbuka, na kwamba ulikuwa unachekesha, ila maneno hayakuja. Akauliza kila mtu. Wote waliimba mlango na upepo, kisha wakakwama. Mkewe akachoka.

"Baba watoto, kama kuna mwanamke, niambie tu nijue moja."

"Yupo, lakini ni wa kwenye redio."

"Basi mtafute huyohuyo. Mimi umenichosha."

Akamtafuta. Shemeji yake alikuwa amesikia kwamba mwimbaji yule siku hizi anashona mapazia nyuma ya soko, na kweli Baridi akamkuta huko, mama wa makamo aliyebana pini midomoni, kitambaa cha kijani kimemfunika hadi miguuni. Baridi akamwamkia, akaeleza shida yake. Mama akatema pini moja moja kiganjani.

"Kaka yangu, wimbo ule una beti mbili."

"Zipo tatu, dada."

"Mimi ndiye niliyeimba!"

"Najua. Lakini wa tatu upo. Una mambo ya viatu."

Mama akacheka hadi cherehani ikasimama. "Watu wengi huja hapa. Huniuliza baada ya wimbo ule nilifanya nini, nami huwaambia nilishona mapazia, wanasikitika kama wamefiwa. Wewe ndiye wa kwanza kunidai ubeti. Haya, viatu gani? Vilikuwa vya nani?"

Baridi akafungua mdomo ajibu, ndipo akakumbuka. Viatu vilikuwa vyake mwenyewe. Aliyeimba ubeti ule ni kaka yake mkubwa, katika chumba walichokuwa wakilala pamoja, akipiga pasi suruali na kumtania mdogo wake kwa viatu vyake vilivyotoboka. Redio ilipomaliza beti zake mbili, kaka aliongeza wa kwake, kila siku, mpaka ukawa sehemu ya wimbo.

Na kaka huyo hawakuwa wakisemezana. Waligombana juu ya mama yao akae kwa nani. Mama alikwisha fariki zamani, ugomvi ukabaki hauna mwenyewe, na hakuna aliyejua namna ya kuuzika.

Baridi alitoka nje, akasimama kati ya wapita njia waliokuwa wakimsukuma, akapiga simu.

"Nani amekufa?" kaka yake akauliza badala ya kusalimu.

"Hakuna. Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sasa kuna nini?"

"Ule ubeti wa viatu. Ulisemaje?"

Kaka akakohoa kusafisha koo. Kisha sauti nzito, iliyozeeka kuliko alivyotazamia, ikaanza:

*Umeondoka na viatu vibovu,
vidole vyako vyachungulia...*

"Halafu?" Baridi akauliza.

"Halafu... ngoja. Vyachungulia mvua."

"Jua! Ulisema jua!"

"Nilitunga mimi, wewe unanifundisha?"

Wakabishana pale pale barabarani, Baridi akipaza sauti hadi muuza matunda akasogeza meza yake. Mwishowe kaka akasema, "Njoo Jumamosi. Mambo haya hayamalizwi kwa simu."

Jumamosi akaenda. Neno la mwisho la ubeti hawakulipata. Jambo la mama walilizungumza kidogo, kwa shida, kila mmoja akitazama ukuta wake. Hawakulimaliza, na Baridi alirudi nyumbani bado roho iko juu juu. Lakini Jumapili asubuhi simu ikalia kabla hajanawa uso.

"Haikuwa jua wala mvua," kaka yake akasema. "Ilikuwa vumbi. Bisha sasa."

Baridi akavuta kiti, akabisha.