Ukuta Mmoja Tu

Nilipaswa kukataa siku ile mwanangu alipokuja nyumbani kwangu Section 58 kunichukua. Alinikuta mlangoni nikichambua maharagwe. Mke wangu, mama yake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mtoto wake wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuinua shingo.

"Mzee, panga vitu," aliniambia. "Nyumba imeisha. Tutakaa wote."

Jibu lililofaa nililijua. Kwetu magharibi, alikotoka babu yangu kuja kufanya kazi ya reli, baba hakai nyumba moja na mke wa mwanawe. Hamshiki mkono, hakai kwenye kitanda chake, na akimsikia anaoga ni aibu ya wote wawili. Nililijua jibu hilo, na bado nikasema sawa. Sikutaka mwanangu msomi anione mtu wa kizamani. Isitoshe, nilimtaka mtoto.

Nyumba hiyo aliichora mwenyewe, akaijenga nje kidogo ya Rongai. Ilikuwa ya magunia yaliyojazwa udongo na kupangwa kwa mviringo, kila safu ikiwa ndogo kuliko ya chini yake, mpaka ikafanana na chungu kilichofunikwa. Juu kabisa kulikuwa na kioo cha duara. Ndani hapakuwa na kona wala ukuta wa kugawa. Jiko, viti na vitanda vyote vilikuwa chini ya paa hilo moja, na kati yetu palikuwa na mapazia tu. Mwanangu alisema kuta ndizo zinazowafanya watu wa familia moja waishi kama wapangaji. Jumamosi alikuwa akileta watu waliotaka kujengewa nyumba kama hiyo, nami nilikuwa sehemu ya maonyesho.

"Na hamsumbuani, mzee?" mmoja aliniuliza.

"Tusumbuane kwa nini?" nikamjibu. Mke wa mwanangu alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

Mtoto aliipenda nyumba ile. Asubuhi duara la jua liliteremka ukutani, likagusa sakafu karibu na kitanda changu, kisha likaanza safari yake kuelekea jikoni. Nilimlaza kwenye mkeka ndani ya jua hilo, na liliposogea nikauvuta mkeka. Alipojua kutambaa alilifukuza mwenyewe. Alilipiga kofi, akaangalia kiganja chake, akashangaa hakushika kitu. Akisema "ba," paa lilimrudishia "ba." Alinyamaza akasubiri, kisha akajaribu tena. Wazazi wake walikuwa na kazi zao, mimi sikuwa na kazi. Sijawahi kufurahi namna ile, hata nilipokuwa nalea wangu.

Lakini ukuta wa mviringo una tabia yake. Neno likisemwa karibu nao hutembea nao, likatokea upande wa pili likiwa zima. Nilimsikia mke wa mwanangu akinong'ona na mumewe. Nilisikia mtoto akinyonya. Nilipandisha sauti ya redio ili ajue kwamba sisikii, naye kwa redio hiyo akajua kwamba ninasikia.

Akaanza kunyonyeshea nje. Alikaa nyuma ya tangi la maji, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amemfunika mtoto kwa leso. Julai ya Rongai si ya kukaa nje. Upepo wa mashambani huja na vumbi na baridi pamoja. Nilimwona pale kupitia mlangoni, nikarudi kwenye kiti changu.

Jioni moja mwanangu alikuja upande wangu. "Mama mtoto anaomba ukuta," alisema. "Mmoja tu. Wewe waonaje?"

"Utazuia jua," nikamwambia. "Utaharibu nyumba yako."

Lilikuwa jibu alilotaka. Alirudi akamwambia mkewe kwamba hata mzee amekataa. Ukweli ni kwamba sikujali jua. Niliogopa kwamba ukuta ukijengwa, mtoto atabaki upande wa pili.

Kisha dada yangu mkubwa akaja kumwona mtoto. Alisimama mlangoni, akaizungusha shingo.

"Nyumba haina kona," alisema. "Mwizi akiingia atajificha wapi?" Akaketi, akanywa chai, akaangalia huku na huku. "Na mkaza mwana analala wapi?"

Nikamwonyesha.

"Nyuma ya kile kitambaa?"

"Ni pazia."

"Ndugu yangu, hata kuku wangu wana ukuta."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Basi nikatafuta wa kumtwika lawama. "Shida si nyumba," nilisema. "Shida ni yeye. Anajificha huko nje na mtoto kama mbuzi aliyeiba mahindi. Mtoto huyu angekuwa na mama mwenye akili, hakuna mtu angezungumzia ukuta."

Tulikuwa tumekaa tukiegemea ukuta. Upande wa pili mke wa mwanangu alikuwa akikunja nepi, akiimba chinichini. Wimbo ulikatika katikati.

"Amesikia," dada yangu akasema.

Hakuna aliyeijua tabia ya ukuta ule vizuri kuliko mimi.

Asubuhi mke wa mwanangu alimfunga mtoto mgongoni, akashika mfuko mmoja. "Baba, tunaenda kumsalimia mama," aliniambia. Mama yake aliishi Kamere, alifanya kazi kwenye shamba la maua kando ya ziwa.

"Mtarudi lini?"

"Tutaona, Baba."

Sikumwambia pole. Nilimshika mtoto kidole cha mguu, basi.

Mwanangu alijenga ukuta mwezi huohuo. Mkewe hakuja kuuona. Mwishowe mwanangu alimfuata Kamere, nyumba akaikodisha kwa watalii, nami nikarudi Section 58. Hunipigia simu siku za sikukuu.

Mwaka huu nilienda kuwaona. Wamepanga chumba kimoja cha mabati. Mtoto alikuwa akicheza mlangoni, mvulana wa miguu mirefu kama ya mama yake. Aliniangalia, akageuka.

"Mama, kuna mzee hapa."

Mke wa mwanangu alinitolea kiti nje, akaniletea chai. Nilimwambia kwamba nilikosea, kwa ukuta na kwa maneno. "Yalipita, Baba," alisema kwa heshima, akarudi ndani. Hakusema nije tena. Mtoto alimfuata.

Niliingia nyumba ile ili nimlee mjukuu wangu. Kwa kuingia, nilimpoteza. Anakua bila mimi, na hanijui.