Mvuke Hauna Rangi

Shangazi yangu alizungumza na boila kwa adabu kuliko alivyozungumza na binadamu. Boila lenyewe lilikuwa pipa la chuma lenye kimo cha watu wawili, limekaa katika chumba cha nyuma ya sehemu ya kufulia nguo ya hospitali, na ndilo lililochemsha mashuka ya wodi zote. Asubuhi aliligonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akaliuliza limeamkaje, kisha akawageukia wakunja mashuka na kuwauliza kwa nini wamechelewa kama watu waliokuja kuzika.

Na yeye alianza kwa kukunja mashuka. Mwaka wake wa nne, mwendesha boila wa siku hizo alisinzia kwenye kiti chake huku maji yakishuka ndani ya pipa. Shangazi alisikia sauti ya boila imebadilika, imekuwa kavu, kama mtu anayekohoa bila kohozi. Akaacha shuka katikati ya kukunja, akaenda kufunga dizeli, ndipo akamwamsha mwenye kazi kwa kumwagia maji ya ndoo. Wiki iliyofuata kazi ikawa yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa karibu na kitu kile. Wakamwita Mama Presha. Muuguzi mmoja mgeni alidhani ni jina la ugonjwa, akamletea vidonge.

Baada ya miaka ishirini na sita ikaja barua. Kila mwendesha boila afanye mtihani wa maandishi, asiyefaulu asiguse vali. Waliohusika pale walikuwa wawili: yeye na mwenzake wa zamu, mwanamume mpole aliyeitwa Kifuniko kwa sababu ya kofia yake bapa. Kifuniko alikichukua kile kijitabu cha masomo, akakisoma ukurasa kwa ukurasa. Shangazi alikitia mfukoni mwa aproni, aproni ikaenda kwenye mashine, kijitabu kikarudi kimekuwa uji. Akasema sasa angalau ni safi.

Ndipo nilipoitwa mimi. Nafundisha Kiswahili sekondari. Sayansi niliachana nayo kidato cha pili, kwa ridhaa ya pande zote mbili. Lakini nilipopata nakala nyingine ya kijitabu niliona kwamba kazi aliijua yote, ila maneno ndiyo yaliyomkera. Aliyaona kama wageni walioingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila Jumamosi mchana nilikaa naye kati ya makapu ya mashuka, nikawa namweleza kila neno ni mtoto wa nani.

Tulianza na mvuke. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba limetoka kwenye kuvuka: maji yamevuka kutoka ng'ambo ya majimaji kwenda ng'ambo ya hewa. Alifurahi mno, akasema yamevuka bila kulipa nauli. Jumatatu nikamsimulia mwalimu mwenzangu aliyesomea isimu, naye akanitazama kwa huruma. Akasema kama natafuta ndugu wa mvuke, nitazame karibu zaidi: moshi unaofuka, mgonjwa anayefukizwa au kuvukizwa, vukuto la jasho, mivukuto ya mhunzi. Jumamosi nilirudi kuungama.

"Kwa hiyo umenidanganya wiki nzima," shangazi alisema.

"Nilikisia, shangazi."

"Nyinyi walimu mkikisia, mtoto anakosa alama. Sisi tukikisia, hospitali inaruka."

Tangu siku hiyo sikumpelekea neno ambalo sijalihakikisha. Nilimweleza kwamba Waarabu huuita mvuke bukhar, na kwamba buhuri yetu, ile tunayoifukiza nyumba inukie, ni ya ukoo huohuo. Nilimweleza kwamba gesi ni neno lililobuniwa na daktari mmoja wa Ulaya miaka kama mia nne iliyopita, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la vurugu iliyokuwapo kabla ulimwengu haujapangwa. Hilo alilipenda. Chumba kikivurugika alisema kimekuwa gesi. Mtonesho, yaani mvuke kupoa na kurudi kuwa matone, alilipa heshima zote: alisema limetungwa na mtu aliyewahi kufanya kazi. Usablimishaji ulimchosha ulimi. Nilimfafanulia kwamba ni kitu kigumu kugeuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa kimiminika, na kwamba shina lake la Kilatini lina maana ya kuinuliwa juu.

"Anatoka chini anafika juu bila kupita katikati," alisema. "Huyo namjua. Ni mpwa wa mkurugenzi."

Mtihani ulikuwa na maswali arobaini na kufaulu kulihitaji alama ishirini na nne. Matokeo yalipobandikwa, Kifuniko alikuwa na ishirini na nne. Shangazi alikuwa na ishirini na tatu.

Alikwenda ofisi ya ukaguzi siku ileile, nami nikamfuata mbio nikiogopa atakalosema. Mkaguzi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Alimwita mama, akamtolea karatasi yake. Swali la kumi na saba liliuliza mvuke una rangi gani, na chini yake palikuwa na majibu matatu ya kuchagua: nyeupe, kijivu, buluu. Shangazi alikuwa ameyakata yote matatu, akaandika pembeni: "Hauna. Aliyetunga swali hili hajawahi kuungua."

Mkaguzi alisema kwa upole kwamba kila mtu amewahi kuona mvuke wa birika. Nilisubiri shangazi alipuke. Hakulipuka. Alimwomba tu aje atazame boila, akamtajia saa, akaondoka.

Jumatano kijana alikuja na faili kwapani. Shangazi alimsimamisha karibu na bomba dogo la kutolea mvuke, akazungusha vali. Mlio ukatoka, na mbele yetu likasimama wingu jeupe zito. Mkaguzi akatabasamu, akasema mvuke si ule pale, na mweupe. Shangazi akamwambia asitazame wingu, atazame mdomo wa bomba. Kati ya mdomo na mwanzo wa wingu palikuwa na nafasi ya kama shibiri moja, tupu, unaona ukuta wa nyuma vizuri kabisa.

"Hapa pana nini?" aliuliza.

"Hapana kitu," alisema mkaguzi, na akanyoosha kidole kuonyesha.

Shangazi alimpiga mkono ule kofi hadi faili likaanguka. Halafu akachukua fimbo yenye kitambaa kikavu kilichofungwa mwishoni, akakiweka katika ile nafasi tupu. Alipokitoa kilikuwa kinachuruzika maji ya moto. Akamwambia mvuke ndio huo ambao ungemla kidole, na hauonekani. Lile wingu ni matone tayari, mtonesho umeshaanza. Akaongeza kwamba neno hilo limo kwenye kijitabu chake mwenyewe, ukurasa wa tisa.

Kijana alikaa juu ya kapu la mashuka machafu, bila kuuliza ni ya wodi gani. Alikitazama kidole chake kwa muda. Kisha alisema, "Samahani, mama," na nikamheshimu, kwa sababu wakubwa wengi wangeulaumu ukuta.

Alirudi ofisini akabadilisha jibu la swali la kumi na saba. Shangazi akafikisha ishirini na nne. Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa haki, na haki yake ikazisahihisha upya karatasi zote. Kifuniko alikuwa amechagua nyeupe. Akashuka hadi ishirini na tatu, akaondolewa kwenye boila, akapelekwa kukunja mashuka miezi mitatu akisubiri kurudia mtihani.

Jambo hilo lilimuuma shangazi kuliko kufeli kwake. Alimwendea Kifuniko mezani pa mashuka, akamuuliza iweje mtu wa miaka kumi na moja penye boila aandike upuuzi ule.

"Nilijua hauna rangi," Kifuniko alijibu bila kuinua macho. "Ila mimi nilijibu mtihani, Mama Presha. Sikujibu boila."

Kifuniko hakumsemesha tena kwa wiki tano. Shangazi alifanya zamu zake na za mwenzake, akanuna, akamtukana kila mtu isipokuwa boila. Jumapili moja alichukua kijitabu, akaniburuta hadi kwa Kifuniko. Mke wake alifungua mlango akasema mzee katoka. Nyuma ya pazia la chumbani, chini, miguu miwili yenye ndala ilikuwa imesimama kimya. Shangazi aliiona, nami niliiona. Alimshukuru mwenye nyumba, akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti kubwa, akikosea makusudi. Alisema unyevuanga ni maji yaliyomwagika sakafuni. Pazia halikutikisika. Alisema usablimishaji ni kuchemsha maji mara mbili.

"Si hivyo," pazia lilisema.

Walisoma pamoja hadi siku ya mtihani, wakigombana kwa kila neno. Kifuniko alipata thelathini na moja, akakitembeza cheti chake wodi kwa wodi, hadi chumba cha upasuaji ambako walimfukuza. Nilimuuliza shangazi kama amefurahi. Alisema amefurahi sana, ila mtihani wa mara ya pili ulikuwa mwepesi, hata mpwa wa mkurugenzi angefaulu.