Koti Refu na Jicho la Wifi

Mpiga pasi ninayewasimulia habari zake alikuwa akirudi kutoka kazini kwa dobi miguu imemvimba, na nyumbani bado kazi inamngoja. Wifi yake, fundi cherehani, alikuwa amepasuliwa jicho. Daktari alimwamuru alale kifudifudi wiki nzima. Akiinua kichwa, jicho linaweza kupotea. Na wifi huyo, jamani, hajui kutulia, hata chakula hula amesimama!

Ndipo mpiga pasi, ili amsomee wifi atulie, akaazima kitabu kinene kuliko vyote alivyoviona, riwaya ya upelelezi kutoka Skandinavia, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuwahi kusoma kitu kirefu hivyo. Majina yalimshinda ulimi. Akafanya kama kazini, ambako yeye huwajua wateja kwa nguo zao: mpelelezi akawa Sweta, mjane akawa Skafu, jirani akawa Koti Refu.

"Mtu kauawa ukurasa wa kwanza," wifi aliiambia sakafu, uso ukining'inia ukingoni mwa kitanda, "na Sweta bado anakunywa kahawa?"

"Kuna baridi, wifi. Theluji imefika dirishani."

"Basi mimi nainuka."

"Inuka, nami nafunga kitabu."

Wifi akatulia. Ikawa hivyo kila alasiri, mmoja akisoma kope zikimlemea, mwingine akigombana na mpelelezi.

"Koti Refu akavua koti, akaketi..."

"Ala! Sasa tumwite nani?"

"Koti Refu hivyo hivyo. Hata akienda kuoga."

Walicheka mpaka mpiga pasi ikabidi amshike wifi yake kisogo.

Halafu siku moja, Skafu anasikia hodi, anafungua mlango, anamwona muuaji uso kwa uso, na hapo hapo usingizi ukamchukua msomaji. Kitabu kikaanguka. Alipozinduka, chumba kilikuwa kimya.

"Wifi! Umeinuka?"

"Niinuke niende wapi? Umeniacha na mlango wa Skafu wazi, baridi yote ya huko inaniingia mimi."

"Si ungeniamsha?"

"Nilikutazama miguu ilivyovimba, maana ndiyo ninayoiona kutoka hapa. Nikakuacha ulale."

Mpiga pasi akaokota kitabu, akatafuta mstari. Wifi akanyoosha mkono bila kuinua uso, akapapasa, akaufunika ukurasa.

"Lala, dada. Muuaji hana pa kukimbilia, theluji imemfungia. Nami sina safari."

Mpiga pasi akajinyoosha palepale sakafuni, viatu miguuni. Juu yake wifi akabaki anamtazama kwa jicho lake zima, kichwa hakikuinuka hata kidogo.