Nyuki wa Maua ya Maboga

Je, kama ni mimi ninayeyaua maboga ya mama? Swali hilo liliniondolea usingizi msimu mzima, mwaka niliorudi nyumbani Genkuru na shahada yangu ya sayansi, bila kazi. Nililigeuza huku na huku. Huenda ni vumbi la malori ya mgodi. Huenda mvua ilichelewa. Huenda ni dawa. Lakini kila nilipofika kwenye dawa nilirudi nyuma, kwa sababu mwenye dawa alikuwa baba mkubwa, na mimi nilikuwa nani wa kumwambia?

Nyuma ya nyumba mama alikuwa na bustani ya maboga. Majani yake ndiyo yalikuwa mboga yetu, na maboga yenyewe yalitufikisha kwenye mavuno ya mahindi. Tangu baba afariki, hatukuwa na kitu kingine cha uhakika. Kwa kuwa nilikuwa sina shughuli, nilianza kuamka mapema na kupiga picha za wadudu kwa simu. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kujikunja kabla jua halijawa kali, kwa hiyo ukichelewa umekosa. Nilipiga magoti kwenye umande nikamsubiri nyuki aingie. Alitoka amejaa unga wa njano hadi machoni, kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga. Alikuwapo pia yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, aliyetua kwa kishindo mpaka ua likainama. Katika dakika hizo sikuwaza barua za maombi ya kazi.

Nje ya uzio walipita vijana waliotoka kuokota magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi ambayo ndani yake bado unaweza kupata dhahabu kidogo.

“Mura, njoo uone! Msomi anapiga picha nzi!”

“Mwache. Labda nzi wake wana dhahabu.”

“Dada, mwambie atabasamu basi!”

Walicheka hadi kwenye kona ya njia. Sikuwachukia. Wao walirudi nyumbani na kitu mfukoni.

Mwaka huo ulirudi ule uvumi wa zamani kwamba mgodi utapanuka kuja upande wetu. Watu wakaanza kutegesha. Kutegesha ni kupanda au kujenga haraka kwenye ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, ili wathamini wakija wakute kitu cha kulipia fidia. Jirani yetu alijenga nyumba ya bati ambayo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Baba mkubwa, kaka wa baba, yeye alileta miche ya miti, akaipanda katikati ya maboga ya mama, mmoja karibu na mwingine kama wanafunzi mstarini. Aliamini kwamba mthamini akiona jani lenye matundu atauhesabu mti kuwa ni mgonjwa. Kwa hiyo alikuja na bomba la dawa mgongoni, asubuhi na mapema kabla ya kwenda kwenye shughuli zake, akapulizia miche, na kila kilichoizunguka.

Baada ya hapo maboga machanga yakaanza kugeuka njano na kudondoka, hayajazidi kidole gumba. Mama aliyaokota, akayatazama kwenye kiganja.

“Kuna mtu anayanyooshea kidole,” alisema.

Kwetu boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea litaoza. Utotoni tulielekeza kwa ngumi, vidole vimefichwa ndani. Mwanzoni mama aliwashuku vijana wa magwangala. Kisha jioni moja, tukichambua mboga, aliniuliza kwa upole mno, “Mwanangu, hiyo simu yako. Unaielekeza kwenye maua kila siku. Si ni kulekule kunyooshea?”

Nilicheka. Halafu sikucheka tena. Nilikuwa nimesoma viumbe hai chuo kikuu, na bado nikajikuta nimeamini kidogo, kama mtu anayejishuku kwa kosa ambalo hakulitenda. Nikaiweka simu kabatini.

Maboga yaliendelea kudondoka.

Nikarudi bustanini bila simu, nikainama, nikachungulia ndani ya maua kwa macho yangu tu. Nyuki walikuwa wamekufa humo ndani, miguu juu, unga bado umewaganda. Hata hapo sikujiamini. Nikachuma maua dume, nikayapaka kwenye maua jike machache kwa mkono wangu, nikayafunga uzi mwekundu ili niyatambue. Mama alinitazama kutoka jikoni.

“Sasa unawaozesha?”

“Ndiyo, mama.”

“Na ng'ombe wa mahari uko nao?”

Hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msimu uanze. Maboga yenye uzi yalishika na kunenepa. Mengine yote, yaliyokosa nyuki wa kuyachavusha, yakadondoka.

Mimi na mama tulimfuata baba mkubwa nyumbani kwake. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwomba asipulizie tena bustanini.

“Hao nyuki wako,” alisema, “mthamini atawalipia fidia?”

“Hapana, baba mkubwa. Lakini asipokuja je?”

“Atakuja.”

“Tumeambiwa atakuja tangu niko sekondari.”

“Basi umeshazoea kungoja. Ngoja.”

Si rahisi kwa mjane kumpinga shemeji yake mbele ya watoto wake. Lakini tukirudi mama alisimama njiani akasema, “Ile bustani ni ya nyumba yangu. Baba yako alinikatia mwenyewe. Mimi sitaweza kumwambia. Wewe ukiamua kitu, nitasimama nawe.”

Niliwaza mambo yote. Kwamba wathamini wangekuja wiki hiyohiyo na ukoo mzima ungenilaumu. Kwamba ningeitwa binti aliyeharibiwa na shule. Kwamba mti ni mali na nyuki si mali. Hakuna wazo hata moja lililonipa uhakika, na nikaelewa kwamba uhakika hautakuja.

Asubuhi nilichukua jembe na beseni, nikaanza kung'oa miche pamoja na udongo wake ili nikaipande mpakani, mbali na maboga. Mama alitoka akasimama pembeni, mikono imefungwa kwenye kanga. Baba mkubwa akatokea na bomba mgongoni.

“Unafanya nini?”

“Shikamoo, baba mkubwa.”

“Marahaba,” aliitikia, mdomo ukitangulia hasira.

“Naihamishia mpakani. Hapa hapapuliziwi dawa tena.”

Alimtazama mama. Mama hakushusha macho. Nikapiga magoti, nikang'oa mche uliofuata.