Mimi wa Kwanza na Mimi wa Tatu

Katika mchezo wetu wa sauti, shujaa huzama katika ziwa Masoko mwaka huu na kuibukia mwaka anaoutaka. Wa kwanza kumwigiza alikuwa baba mkwe wangu, enzi hizo mchezo ukirushwa redioni na watu wa Kisondela wakibeba redio hadi shambani. Akafuata mwalimu mmoja ambaye baadaye alihamia Mbeya. Wa tatu ni mimi, na siku hizi mchezo tunausambaza kwa simu. Wasikilizaji wengine walinung'unika kwamba shujaa amegeuka mwanamke. Niliwaacha wanung'unike. Mtu anayeruka miaka mia hashindwi na hilo.

Mwaka jana mtayarishaji wetu, binti wa Tukuyu mjini asiyejua kuogopa, aliamua mashujaa wote watatu wakutane katika sehemu moja ya mchezo. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba mimi na baba mkwe hatuongei.

Hatujagombana. Ni ukutila, desturi yetu Wanyakyusa: mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake, hamtazami wala hazungumzi naye. Wengi wameiacha, nyumba yetu haijaiacha. Miaka minane tumeishi ua mmoja na uso wake siujui vizuri. Akija kwa njia ya migombani, mimi nazungukia zizini. Watu hudhani ukimkwepa mtu humjui. Wajaribu waone. Ili umkwepe mtu ni lazima kila saa ujue alipo, usikie fimbo yake, mlango wake, namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema neno. Sauti ya shujaa nilijifunza kwake, kupitia ukuta wa jikoni. Sikujua kama mwenyewe anafahamu, wala kama ananihesabu mwizi. Hilo lilinisumbua kuliko manung'uniko yote: mzee ananionaje?

Kwanza binti alimrekodi kila mtu peke yake ili aunganishe baadaye. Maneno ya mwalimu yalikuja kwa simu kutoka Mbeya yakakaa vizuri. Yetu yalikataa. Mzee anauliza, mimi najibu, lakini tulisikika kama watu wawili wanaosoma matangazo ya vifo. Binti akaja nyumbani, akamweleza mama mkwe shida yake.

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi, na hakuacha kumenya. "Kwani wanakutana wao?" akasema. "Anakutana yule mtu wa hadithi na mwenzake. Tundikeni blanketi."

Tukalitundika katikati ya chumba cha kwaya kanisani, tunamorekodia, mzee upande wake, mimi na binti upande wetu, kinasa sauti kikiwa chini ya pindo. Kisha tukasubiri mvua iondoke kwenye bati, na kwa Tukuyu hiyo ni kazi ya nusu siku.

Kwenye karatasi, shujaa wa kwanza anamkana wa tatu, halafu anamjaribu kwa swali kuhusu rangi ya maji ya ziwa.

"Wewe si mimi," akasema baba mkwe.

Ni maneno ya mchezo, nayajua, niliyasoma wiki nzima. Hata hivyo yaliniuma. Nikajibu yangu kama yalivyoandikwa, nikasubiri swali la ziwa.

"Kama wewe ni mimi," akasema taratibu, "asubuhi huwa ninafanya nini kabla ya kutoka nje?"

Binti akapekua karatasi. Swali hilo halikuwemo. Akanyoosha mkono azime, nikamshika.

"Unakohoa," nikasema, kwa sauti ya shujaa. "Mara mbili. Unasubiri kidogo, ndipo unafungua mlango."

"Kwa nini?"

Hilo nilidhani nalijua. Kila jioni nilimchemshia tangawizi, mama mkwe akampelekea.

"Kifua," nikajibu. "Kinakusumbua."

Nikamsikia akivuta pumzi nyuma ya blanketi, nikadhani nimemkosea.

"Kifua changu ni kizima," akasema, na hiyo haikuwa tena sauti ya shujaa. "Ninakohoa ili upate muda wa kupita. Ile tangawizi nimekuwa nikiinywa tu."

Binti alinionyesha kwa kidole kwamba zamu ni yangu. Nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba lile blanketi lilikuwepo.