Mikono Mizito ya Chisanga

Mama Marthe alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuvumilia kazi iliyofanywa nusunusu. Alikuwa mtaalamu wa kuzalisha kambale, mwenye shahada mbili za Lubumbashi, na miaka mitano iliyopita Patson, mwenye mabwawa ya samaki pale Nchelenge, alimvusha ziwa kutoka Kongo kwa kibali cha kazi kilichomwita mtaalamu wa hali ya juu. Aliposomewa maneno hayo alicheka, maana siku ile alikuwa amevaa gambuti yenye kiraka. Lakini kibali kilikuwa na sharti. Alitakiwa kumfundisha Mzambia mmoja kazi yote, na siku Mzambia huyo akishaiweza, mgeni hana tena sababu ya kukaa.

Mzambia mwenyewe alikuwa Chisanga, mtu mzima wa miaka arobaini, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya. Alijua kupima maji, alijua kumdunga kambale jike sindano ya kuivisha mayai. Kukamua ndiko kulikomshinda. Jike akishadungwa, unasubiri muda wa saa kumi hivi, kisha unambonyeza tumbo taratibu. Akiwa tayari, mayai yanatiririka yenyewe, asipokuwa tayari, yanatoka na damu na kazi yote imeharibika. Chisanga alikamua mapema, au alichelewa, kwa miaka minne. Katika kila ripoti ya uhamiaji Mama Marthe aliandika kwa moyo mweupe kwamba bado anajifunza. Akamwambia ana mikono mizito kama ya mfyatua matofali, na kibali kikaongezwa.

Usidhani hakufurahi kilipoongezwa. Mumewe alizikwa hapa, na kwaya ya kanisa ilikuwa yake. Kilwa alikozaliwa ilikuwa ng'ambo tu ya maji, upande wa Kongo, lakini kule hakubaki mtu wa kumngoja.

Mwezi wa tatu malaria ilimlaza siku nne, na majike wawili walikuwa wameshadungwa. Aliporudi bwawani alijua atakuta hasara. Akakuta tangi la tatu jeusi kwa vifaranga, hai wote, hata yai jeupe lililokufa halikuonekana. Mwenyewe hakuwahi kupata tangi safi namna ile. Akauliza nani amekamua. Walinzi wakamtazama Chisanga, naye Chisanga akatazama gambuti zake.

"Weye," alisema Mama Marthe. "Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu mwaka ya kwanza, ba Mama."

"Na miaka mine yote unaniharibia mayai?"

"Nikionyesha ninajua, ba bureau ya uhamiaji banakurudisha Kongo," alisema Chisanga. "Mayai iko mingi, ba Mama. Weye uko moja."

Mama Marthe alimpenda mno dakika ile, na alimkasirikia vilevile. Hasira ndiyo iliyowahi kutoka.

"Unanifanya mwalimu mubaya mbele ya batu," alisema. "Miaka mine banasema ule mama hajuwe kufundisha."

Siku hiyohiyo aliketi akaandika ripoti: Chisanga anajua kazi yote, tena kwa usafi wa tangi amenizidi. Patson alimsihi aifiche mpaka kibali kiongezwe. Hakutaka hata kusikia. Akaja Boyd, afisa wa uhamiaji kutoka Mansa, akaisoma mara mbili, akamuuliza kwa Kibemba: mama, kama mtu wako anaijua kazi, wewe unabaki kufanya nini?

Patson ndiye aliyedakia kwamba anachimba mabwawa mapya Mwansabombwe, Chisanga ndiye atakayeyasimamia, na kwa hiyo Nchelenge inahitaji mtu mwingine wa kufundishwa. Boyd akafikiri, akakubali mwaka mmoja. Mwanafunzi mpya akiiva kabla ya hapo, ripoti itumwe, na mama afunge mizigo.

Chisanga akajitolea kumtafuta mwanafunzi huyo. Alizunguka soko zima, akarudi na Tamara, mama wa watoto watatu, aliyeacha shule darasa la tano. Alimnong'oneza Patson, akitabasamu, kwamba huyu mwaka hautamtosha. Alikuwa amempigia hesabu vizuri kabisa. Alichosahau, na mtu wa ziwani hawezi kusahau jambo kama hilo isipokuwa kwa sababu ya mapenzi, ni kwamba Tamara alikuwa amepasua samaki sokoni miaka kumi na miwili.

Wiki ya pili Tamara aliweka kiganja kwenye tumbo la jike.

"Huyu bado," alisema, bila kuulizwa na mtu.

Akangoja. Akapapasa tena, akabonyeza kidogo tu, na mayai yakamiminika bakulini, yaking'aa, bila tone la damu. Akachukua unyoya wa kuku, akayachanganya na maji ya dume polepole kama alivyoona wenzake wakifanya. Chisanga alishika ukingo wa tangi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mama Marthe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kilipokwisha machozi hayakukoma, naye hakuyafuta. Tangu aanze kufundisha hakuwahi kuona mikono kama ile, na alijivunia kana kwamba yeye ndiye aliyeizaa.

"Chisanga, mwana yangu," alisema, "umenitafutia mutu anajua kutupita siye bote."

"Tungoje kwanza Krismasi, ba Mama. Pengine ni bahati tu."

"Lete karatasi ya ripoti. Na kalamu."

Chisanga alileta karatasi. Kalamu, alisema, hakuna. Ilikuwa mfukoni mwa shati lake, kifuniko cha bluu kimechomoza, na wote watatu walikuwa wakikitazama. Mama Marthe alinyoosha mkono wake uliolowa maji, akangoja.