Ngozi ya Kumi ya Jenerali Mosongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Vipindi alinikabidhi ngozi kavu ya mbuzi, vipande viwili vya kibuyu na beseni la changarawe, akaniambia, "Bhoke, nitengenezee jeshi."

Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Nilidhani redioni watu husoma habari kwa sauti nzuri, basi. Dakika chache baadaye nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, jasho likinitoka, nikigonga kibuyu juu ya changarawe huku yeye akitikisa kichwa nyuma ya kioo. "Hao ni mbuzi wanakwenda mnadani," alisema. "Mimi nataka nyati elfu moja."

Kazi hiyo tuliiita vishindo, yaani kila sauti ya mchezo isiyotoka mdomoni mwa mtu. Moto ni karatasi ya nailoni inayofinywa taratibu. Mfupa unaovunjika ni bua kavu la mtama. Mapanga yakigongana ni majembe mawili ya plau. Na nyati elfu moja ni vibuyu vilevile vikirekodiwa mara sita, kila mara nikirudi nyuma hatua mbili, kisha fundi mitambo anazilaza sauti zote moja juu ya nyingine kwenye mikisa, ile meza ya vitufe inayochanganya sauti. Jioni hiyo niliposikia jeshi langu likipita, nywele zilinisimama. Nililitengeneza mimi, na bado nilitaka kukimbia.

Mchezo wenyewe ulihusu nchi ya Ibarara, ambayo haipo. Huko mito hulala mchana na kutembea usiku, askari hupanda nyati, na Jenerali Mosongo, asiyewahi kushindwa, ameandika elimu yake yote ya vita juu ya ngozi za ng'ombe, somo moja ngozi moja. Kila Jumamosi alasiri alitoa somo.

Kutoka studio ya Tarime nilitumwa Robanda na kinasa sauti, nikakae kwa mkulima mmoja anayepakana na hifadhi, nilete mlio wa tembo. Tembo walikuja, wakala mahindi kimya kimya kama wageni wenye adabu. Nilichorekodi ni mwenyeji wangu akipiga debe na kuwatukana kwa majina ya shemeji zake. Kule bwawa la Manchira nilinasa vyura, tukawafanya mito ya Ibarara inayoamka. Niliporudi nikakuta mwandishi wa mchezo, kijana wa kutoka Shinyanga, ameacha kalamu na kufuata dhahabu machimboni. Mkuu wa Vipindi alinisukumia kalamu ile. "Wewe ndiye unayejua jeshi linavyolia. Andika."

Sauti ya Jenerali ilikuwa ya Mwalimu Nyamhanga, mwalimu mkuu mstaafu wa Nyambureti, mtu mfupi mwenye sauti nzito kama pipa linaloviringishwa mlimani. Akisoma mstari wangu, mimi mwenyewe nilikaa wima. Niliandika Ngozi ya Kwanza, ya Pili, mpaka ya Tisa, nyingine nikichambua maharage, nyingine nikimsubiri fundi wa pikipiki. Ya Tisa ilisema hivi: "Ukitaka kumshinda adui, mkimbie. Mwache akufuate mpaka vichakani, kisha geuka."

Lazima niseme jambo moja kuhusu kwetu. Nilizaliwa mtoni, nikaolewa mlimani. Katikati kuna bonde la malisho, na kwa sababu ya bonde hilo koo hizi mbili zimekuwa zikioana na kupigana tangu kabla ya bibi yangu. Baada ya Ngozi ya Tisa kwenda hewani, nilikwenda likizo nyumbani kwangu mlimani. Nilimkuta mwanangu Chacha nyuma ya boma, akinoa ncha za mishale. Kando yake palikuwa na daftari la shule. Nililifungua. Kulikuwa na mwandiko wake, safi kuliko alivyowahi kuwaandikia walimu: Ngozi ya Kwanza, Ngozi ya Pili, zote, kwa wino wa bluu, mpaka ya Tisa.

Nikamwinulia daftari mbele ya uso.

"Hii ni nini?"

"Ni Jenerali, mama. Jana tuliitumia ya Tisa. Tuliingia bondeni, tukawaona, tukakimbia."

"Wakawafuata?"

"Hapana!" alisema kwa uchungu. "Nao walikimbia! Tulilala kwenye vichaka asubuhi nzima, bondeni ng'ombe tu."

Nilimpigia simu mdogo wangu Marwa, aliye mtoni, aliyemnyoa Chacha nywele za utotoni.

"Dada, hao wa mlimani wana akili siku hizi," alisema hata kabla sijauliza. "Tumewavuta, wamekataa kuvutika."

"Marwa, nao wanasikiliza."

"Kipindi chetu?" aliuliza. Alisema kama mtu aliyemkuta jirani kitandani kwake.

Niliwaza mwanangu na mdogo wangu, kila mmoja kichakani kwake na upinde, kila mmoja akinitii mimi. Nilimrudia Chacha. "Mwanangu, hakuna Jenerali. Ni mimi. Naandika."

Alinionea huruma. "Mama, wewe unaandika tu. Anayesema ni yeye. Jumamosi anatoa Ngozi ya Kumi, ndiyo tunayoingoja. Na wao wanaingoja."

Nilirudi studio siku hiyohiyo. Mkuu wa Vipindi alinisikiliza huku uso ukimbadilika rangi.

"Tunazima kipindi," alisema.

"Ukikizima, mkuu, watapigana kwa akili zao wenyewe. Sasa hivi angalau wanangoja."

"Basi Jenerali aseme wapatane!"

Mwalimu Nyamhanga alikohoa kwenye kona, na hata kikohozi kile kilikuwa cha kijeshi. "Jenerali akisema wapatane bila sababu, watasema amehongwa. Vijana wa namna hii nawajua, nimefundisha wenzao Nyambureti. Wape amri ya vita."

Nilikaa na karatasi siku tatu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuandikia redio mtaambiwa kwamba mwandishi ana uhuru mkubwa. Mimi sikuwahi kuwa na uhuru mdogo kama siku zile. Kila neno nililoandika nililiona limeshavaa viatu, linashuka bondeni na mshale. Nilifuta hata salamu.

Jumamosi ilipofika, madukani walifungulia redio mpaka mwisho, na Mwalimu akasoma: "Ngozi ya Kumi. Vita visivyo na mashahidi ni wizi. Kabla ya mshale wa kwanza, safu zisimame zikitazamana, na kila askari, mmoja mmoja, ataje kwa sauti jina lake, jina la mama yake, na mahali mama yake alikozaliwa, ili wahenga wajue wa kumlinda. Anayeruka amri hii, upinde wake utakatika." Nikagonga ngozi ya mbuzi mara moja. Tukatoka hewani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa juu ya mteremko na wanawake wengine. Wengi tulikuwa wa mtoni tulioolewa mlimani. Safu zilisimama bondeni zikitazamana. Nilimwona mwanangu. Ng'ambo nilimwona Marwa, ameivaa kofia niliyomnunulia mimi.

Wa kwanza wa mlimani akatoka mbele. "Mimi ni Mwita! Mama yangu ni Gati, wa mtoni, karibu na kanisa!"

Wa mtoni akajibu, "Mimi ni Ryoba! Mama yangu ni Wankuru, wa mlimani, kwa wafinyanzi!"

Ikawa hivyo. Kumi. Ishirini. Kila jina la mama lilidondoka ng'ambo na kukuta kaka za mama huyo wamesimama pale na mikuki. Sauti zikaanza kulegea. Mtu mmoja alitaja mama yake, na mzee wa upande wa pili akaropoka, "Alaa! Huyu ni wa dada yangu! Nani alikuwa anataka kumpiga huyu?" Zamu ya mwanangu ikafika.

"Mimi ni Chacha! Mama yangu ni Bhoke, wa mtoni!"

Nilisikia jina langu likipita juu ya majani. Marwa akatoka kwenye safu.

"Wee mura, kijana wangu! Mama yako anajua uko hapa?"

"Yuko kule juu, mjomba, anatutazama!" Kisha, kwa mazoea tu, upinde ukiwa bado mkononi, "Shikamoo!"

"Marahaba," alisema Marwa, na hakujua tena afanye nini na mkuki wake.

Mmoja aliyekasirika alipiga mshale, ukachoma udongo. Hakuna aliyeujibu. Waliobaki hawakuwa wamejitaja bado, na walidai zamu yao. Walipomaliza jua lilikuwa limepanda, na wazee wakakaa chini kuzungumzia malisho.

Ningependa kuishia hapo. Lakini baada ya wiki chache walikuja nyumbani kwangu wanaume watatu wa bonde jingine, kofia mikononi, mbuzi mmoja kwa kamba. Walisalimu vizuri sana.

"Mama, tumesikia una mkono kwa Jenerali. Tunaomba Ngozi moja tu. Ya kushinda."

Niliwatazama. Walikuwa watu wapole, wenye njaa ya kumwua mtu kwa utaratibu. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ulisema, "Jenerali amefariki."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Waliinamisha vichwa. Mmoja akafuta macho kwa kofia. "Msiba uko wapi, mama?"

Nilitazama ua wangu, nikashindwa kurudi nyuma. "Ni hapa," nikasema.

Barua ya kuacha kazi niliiandika siku ileile. Siku tatu watu walimiminika kwangu, wa mlimani na wa mtoni, na unga, na kuni. Marwa na Chacha walibeba mabenchi ya kanisa pamoja. Waliouliza kaburi niliwaambia majenerali wa Ibarara huzikwa kwao. Mwalimu Nyamhanga naye alikuja. Alikaa kwenye benchi la nyuma siku zote tatu, na kila aliyempa shikamoo alimjibu kwa kuinua mkono tu, midomo ameibana, kwa kuwa sisi wawili tulijua kitakachotokea akisema hata marahaba.